Aksolotli wetu kaacha kula, ni joto hili la kaskazi au kuna jengine? Naombeni msaada

BintMpendae
Asalaam aleykum jamani. Naomba mwenye ujuzi na wanyama wa majini anisaidie maana hapa mjini Zanzibar kila nnaemuuliza ananambia ndo kwanza anasikia. Tuna aksolotli, yule mnyama wa Meksiko mwenye miguu minne na matamvua yaliotokeza nje huku na huku ya kichwa, wetu ni mweupe unaovutia waridi macho meusi, mwanangu aliletewa na mjomba wake na ndo roho yake. Sasa huyu mnyama tangu wiki iliopita hali. Zamani ukimsogezea nyungunyungu kwa kibanio alikuwa anamrukia hata hajafika chini, saivi unamuekea mbele ya pua anageuza kichwa, na jana alimnyakua akakaa nae mdomoni kidogo kisha akamtema. Leo asubuhi nimemuangalia vizuri nikaona ncha za matamvua zimejikunja kwa mbele na mkia mwishoni umepinda kama kulabu. Anakaa pembeni hatembei sana, mara kwa mara anapanda juu kuvuta hewa.

Tangi ni la kioo, la lita kama 80 hivi, liko ukumbini, chini lina kokoto ndogo za rangi zilizokuja nalo, lina filta ya ndani, maji ni ya bomba lakini yanapitia tangi letu la juu ya nyumba. Kila Ijumaa tunabadilisha nusu ya maji na sponji la filta tunalisuuza bombani. Mwanangu akiamka, kabla hajenda chuoni kusoma Qur'ani anapita kwanza kumtizama, akirudi suala la kwanza "mama kala?" na mie sina jibu. Nambieni nifanye nini, hata kama kuna dawa ya kuagizia Dar nitaagiza.

Pweza_wa_Malindi
Waaleykum salaam dada. Mie wa kwangu ni kasa tu nilokuwa nawaona wanafugwa kule Nungwi lakini mnyama ni mnyama, akigoma kula mlazimishe kidogo kidogo, mpe maini mabichi au nyama ya kusaga, mfungue mdomo taratibu kwa kijiti. Au dagaa, nani asopenda dagaa.

MfugajiWete
Hapana hapana, dada usimfungue mdomo huyo nakuomba. Kaka Pweza najua unataka kusaidia lakini taya za aksolotli ni laini, mifupa yake mingi ni gegedu tu, ukimlazimisha utamvunja na utamtia hofu zaidi ya alonayo. Maini na nyama ya ng'ombe zina mafuta ambayo tumbo lake haliwezi kuyasaga vizuri, na dagaa wetu wakavu wana chumvi, huyu ni mnyama wa maji baridi yasio na chumvi. Hata dagaa wabichi si chakula chake cha kila siku.

Dada mambo matatu niambie. Maji yana nyuzi ngapi kwa themomita, sio kwa mkono. Anapata choo? Na tumbo limevimba au limelegea kawaida? Bila ya hayo sote tutakuwa tunabahatisha.

Mie nafuga samaki wa mapambo huku Pemba miaka mingi sasa, aksolotli sijafuga lakini nilimuangalizia rafiki yangu wakati kasafiri, na nilichojifunza ni kwamba huyu mnyama anaumwa kwa maji kabla hajaumwa kwa kitu chengine chochote.

BintMpendae
Nshukuru MfugajiWete. Nimenunua themomita ile ya kubandika ndani. Mchana huu inasoma 29. Alfajiri nimeamka kusali nikapita kuitizama, 27. Choo sijakiona siku kadhaa na zamani nilikuwa nakiona kila baada ya siku mbili tatu. Tumbo kwa macho yangu limejaa kidogo upande mmoja lakini sina hakika.

Mkojani_Ughaibuni
Nyuzi 29!! Dada yangu, hapo ndipo ugonjwa ulipo, hata usitafute mbali. Mie ni mtu wa Kojani naishi Uingereza, nnao wawili nyumbani, na huku kwenyewe kwenye baridi siku za kiangazi nahangaika na joto lao, sembuse nyinyi mulioko Mpendae mwezi wa pili.

Nikuelezeni kwa nini. Kwao huyu ni Xochimilco, kwenye mifereji na ziwa lililobakia pale Mexico City, na mji ule uko juu, karibu mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, maji yake ni ya baridi mwaka mzima. Anachotaka ni nyuzi 16 mpaka 18. Ikifika 20 anavumilia, ikipita 22 anaanza kuumia pole pole, na kwenye 24 kwenda juu mwili wake wote unaanza kushindwa. Maji yakipata moto yanashika oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wake unakwenda mbio zaidi na unaitaka oksijeni zaidi, kwa hivo anabanwa kotekote, ndo maana unamuona anapanda juu kuvuta hewa. Kupanda mara moja moja si neno, wote wanafanya, lakini mara kwa mara na matamvua yamejikunja mbele na mkia umepinda, hizo ni dalili tatu kwa pamoja kwamba anateseka. Kutokula ni ya nne. Chakula si tatizo, hata umletee nyungunyungu wa dhahabu hatokula kwenye maji yale, na akila kinaweza kumuozea tumboni.

Kwa hivo acha kumpa chakula kwanza. Usiogope, akiwa mkubwa na hajakonda anaweza kukaa wiki mbili hajala na akarudi sawa. Shughulikia baridi, leo leo.

Fuoni_Meli5
Atie mabonge ya barafu ndani ya tangi basi si yauzwa tele pale wanapouza samaki

Mkojani_Ughaibuni
Si moja kwa moja yakhe. Barafu ya samaki ina chumvi na uchafu wa samaki, na maji yakishuka ghafla kutoka 29 mpaka 18 unampiga mshtuko. Ashuke taratibu, nyuzi moja mbili kwa saa si zaidi.

Dada ningefanya hivi ningekuwa weye. Tafuta boksi jeupe lile la fomu wanalosafirishia samaki, jipya au ulioshe kwa maji ya moto tu bila sabuni mpaka harufu iishe. Tia ndani lita 15 au 20 ya maji yaliokaa ndooni tangu jana (ikiwa bomba lenu linatiwa klorini, ikikaa siku nzima wazi inaruka, na ukipata ile dawa ya matone ya kutolea klorini ni bora zaidi). Maji hayo mwanzo yawe na joto sawasawa na la tangini, muhamishie humo, kwa bakuli sio kwa wavu, maana vidole na matamvua yananasa. Halafu gandisha chupa za maji za plastiki kwenye friza, uzioshe nje, uzamishe moja ndani ya boksi. Ikiyayuka tia nyengine. Funika mfuniko lakini uache upenyo wa hewa. Boksi lile linashika baridi ajabu, ukipata mzunguko wako utaona chupa moja inakwenda masaa. Lengo lako ni 18, ukikaa kwenye 19 au 20 pia nshakupongeza. Maji yote ya boksi ubadilishe kila siku, yote, kwa sababu humo hamna filta, na yale mapya yawe yameshapozwa kwenye friji mpaka yalingane na ya humo.

Na nimeona umesema maji yanapitia tangi la juu. Lile tangi kama ni jeusi, mchana jua linalipiga, maji yanayotoka yanaweza kuwa ya moto kuliko hata ya ukumbini. Chota alfajiri.

MfugajiWete
Naunga mkono yote hayo ya Mkojani, sina la kupunguza. Niongeze la amonia maana nyuzi ni nusu tu ya habari.

Dada umesema sponji la filta munalisuuza bombani kila Ijumaa. Ndani ya lile sponji wanakaa bakteria ambao kazi yao ni kuibadilisha amonia inayotoka kwenye choo na mabaki ya chakula, kwanza inakuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo haina madhara makubwa. Maji ya bomba yenye klorini yanawaua. Basi kila wiki filta yenu inaanza upya kutoka sifuri na amonia inabaki majini inamuunguza mnyama ngozi na matamvua. Kuanzia sasa sponji litikise ndani ya yale maji machafu uliotoa tangini, basi, yatosha.

Sasa sikia na hili ambalo watu wengi huku visiwani hawalitilii maanani. Maji yetu mengi Unguja na Pemba yanatoka chini kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa na pH yake, yaani kipimo cha asidi ya maji, mara nyingi iko juu ya 7. Chokaa peke yake aksolotli haimdhuru, kwanza anaipenda kuliko maji mepesi. Lakini amonia kwenye maji ya pH ya juu na yenye joto inakuwa sumu kali zaidi, kipimo kilekile ambacho kwenye maji baridi kingemsumbua kidogo, kwetu kinaweza kumuua. Tafuta kipimo cha matone sio cha vijikaratasi, Dar wapo wanaouza, amonia iwe 0, naitraiti 0, naitreti isipite 20 hivi. Ukitumia kisima, jirani zangu wa pwani kule Paje na Jambiani nawaambia hasa, onja kwanza, visima vingi vina chumvichumvi.

BintMpendae
Jamani Mungu akulipeni kheri. Boksi nimelipata kwa kijana mmoja anaepeleka samaki hotelini, jipya kabisa. Nimemuhamisha baada ya laasiri, usiku huu iko 22 na nusu inashuka taratibu. Matamvua kwa mbali naona yamelegea kidogo sijui ni macho yangu yanataka kuona. Ila kuna kitu kama unyuzinyuzi mweupe kwenye tamvua moja upande wa kushoto. Hii nini tena?

MwanafunziMifugo
Shikamoo bi mkubwa. Mie nasomea mambo ya afya ya wanyama. Kama ni utando mweupe wa pamba ulioning'inia hiyo ni kuvu, inawapata wakiwa dhaifu na maji ya joto. Ikiwa ndogo kama ulivosema, baridi na maji safi ya kila siku mara nyingi yanaitoa yenyewe. Ikizidi, kuna kumuogesha maji ya chumvi, vijiko viwili mpaka vitatu vya chai kwa lita moja ya maji yaliokwisha kutolewa klorini na yenye baridi sawa na ya boksi, akae dakika 10 tu na wewe umekaa hapohapo unamuangalia, ukimuona anahangaika mtoe, mara moja au mbili kwa siku si zaidi kwa sababu chumvi ikikaa sana nayo inaunguza matamvua. Chumvi iwe ile isiotiwa madini joto. Tafadhali sana dawa za samaki zenye shaba usizitumie, ngozi ya huyu mnyama inafyonza kila kitu.

Na lile la kuvimba upande mmoja na kukosa choo limenishughulisha. Wao hawatafuni, wanafungua mdomo ghafla wanavuta maji na chochote kilichoko mbele. Tangi lako lina kokoto ndogo. Inawezekana kameza.

Mkojani_Ughaibuni
Ahsante mwanangu, hilo la kokoto nilitaka kulisema likanipita. Dada kokoto yoyote inayoweza kuingia mdomoni mwake itaingia. Ni kubwa kuliko kichwa chake au hakuna kabisa. Wengine wanatumia mchanga laini sana kwa wakubwa, mie kwangu chini ni kioo kitupu na kigae kimoja, nalala usingizi.

Kama kameza, baridi hiyohiyo ndo dawa yake. Akifika 18 mpe siku chache, mara nyingi anaitoa mwenyewe. Akiendelea kuvimba au akaanza kuelea huku anapigana kushuka chini asiweze, kuna njia ya friji, kontena lenye kifuniko na maji yake, nyuzi 5 mpaka 8, mwili unapoa kabisa na tumbo linapata nafasi ya kusukuma. Lakini hiyo ni ya mwisho, ashushwe kwa hatua na maji yabadilishwe kila siku, na huko kwenu umeme ukikatika friji linapanda joto halafu linashuka tena, hiyo panda shuka mbaya. Jaribu boksi kwanza.

Fuoni_Meli5
Kuna mtu aliwahi kunambia majani ya mti wa mkungu wanayatumia wafuga samaki, ni kweli au uongo? Maana hapa kwetu mkungu uko mlangoni majani tunafagia kila siku

MfugajiWete
Kweli kabisa na wenzetu huko nje wanayanunua kwa pesa. Jani kavu lililoanguka lenyewe, la rangi ya kahawia, sio bichi, lisiwe la kandokando ya barabara lenye moshi na mafuta. Lioshe, limwagie maji ya moto, litie moja kwa boksi lile. Maji yatageuka rangi ya chai, usishtuke, ule ukakasi wake unaituliza ngozi na kuvu haiupendi. Lakini ni msaada tu, halisimami badala ya baridi.

Pweza_wa_Malindi
Nimesoma yote nimejifunza mengi wallahi, yale maneno yangu ya maini yaacheni. Suala moja, ikiwa kwetu nyuzi 30 na kwao 16, kwa nini kaletwa huku? Namuonea huruma mnyama na namuonea huruma mtoto.

Mkojani_Ughaibuni
Suala zito hilo na haki ulilete. Sehemu kubwa ya ukoo wa hawa wanaozalishwa maabara na majumbani inatokana na kundi la 34 waliopelekwa Paris mwaka 1864, tangu hapo wamezaliwa kwenye matangi vizazi na vizazi. Kule kwao Xochimilco wa porini wamebaki wachache mno, wamo kwenye hesabu ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka, maji yamechafuka na samaki wa kigeni waliotiwa mule wanakula mayai na watoto wao. Mie simlaumu mtu aliemleta kwa mapenzi yake kwa mtoto. Ila ukweli lazima usemwe, bila ya chumba chenye AC au mashine ya kupozea maji, aksolotli Zanzibar anaishi kwa taabu. Wakati wa kusi, mwezi wa sita mpaka wa nane, kwa chupa na feni unaweza kusukuma. Kaskazi hawezi. Feni linapuliza juu ya maji linashusha nyuzi mbili tatu, na hewa yetu yenyewe imejaa unyevu inapunguza nguvu hiyo. Ukitoa tatu kwenye 29 bado uko pabaya.

Dada ikiwa nyumbani kuna chumba kimoja chenye AC muhamishie huko tangi, mbali na dirisha. Ikiwa hakuna, mtafutieni mtu anacho. Na asitokee mtu akasema mtupeni kijitoni Mwera akaishi huko, atakufa kwa joto na asipokufa si mahali pake.

BintMpendae
Samahanini nimekuwa kimya, nilikuwa na chupa na ndoo mchana na usiku, na majirani wote wamenipa nafasi kwenye mafriza yao. Habari ni hii. Boksi linakaa kwenye 18 na 19. Juzi usiku kapata choo kikubwa na ndani yake mulikuwa na kokoto mbili, moja ya buluu moja nyeupe, MwanafunziMifugo Mungu akufungulie kwenye masomo yako. Ule unyuzi mweupe umepungua, chumvi sijatumia, nilitia jani la mkungu tu. Matamvua yamerudi nyuma yamefunguka na yameanza kuwa mekundu.

Na jana baada ya magharibi, taa nimezima nimeacha ya barazani tu, nikamsogezea kipande cha nyungunyungu kidogo kama kucha, akakitizama, akasogea hatua moja, akakivuta. Hakukitema. Mwanangu alikuwa kasimama ubavuni mwangu kashika mdomo kwa mikono miwili asipige kelele.

Chumba cha AC ni cha bi mkubwa wangu, amekubali, kasema yeye pia apenda baridi. Nimwachie sasa ale ngapi?

MwanafunziMifugo
Alhamdulillah!

Mkojani_Ughaibuni
Nimefurahi mpaka nimempigia mke wangu nikamsomea. Kidogo kidogo dada, usimfidie alichokosa. Kipande kimoja viwili vidogo, kila baada ya siku mbili, mpaka choo kiwe cha kawaida, kisha urudi kwenye nyungunyungu mzima mmoja au wawili kila siku mbili tatu. Mpime kwa macho kutoka juu, tumbo liwe na upana wa kichwa chake, likizidi punguza, likipungua ongeza. Asichokula kitoe hapohapo kisilale majini. Nyungunyungu wachimbe chini ya migomba au penye majani yaliooza, sio kwenye mabonde ya mpunga yanayotiwa mbolea wala penye maji ya kufulia. Uwasuuze. Wale wadogo wekundu wana uchungu, akikataa hao usidhani kaumwa tena, wakatekate hao nyungunyungu au wachovye maji ya moto sekunde chache. Kwa kubadilisha, kamba mbichi asiotiwa chumvi, umemenya na kumkatakata, mara moja moja.

Usimrudishe tangini mpaka tangi lenyewe limefika 20 au chini, na amonia umepima ni 0.

MfugajiWete
Na akirudi, filta ile upunguze mkondo wake au uielekeze ukutani, hapendi maji yanayomsukuma, na mtilie pahala pa kujificha, kipande cha bomba la PVC kinene kisicho na makali au chungu kilicholazwa. Hana kope za kufumba, mwanga ukimpiga siku nzima anachoka.

BintMpendae
Sawa, yote nimeandika kwenye karatasi nimebandika kwenye friji. Kesho natoa kokoto zote naosha tangi kwa maji tupu, kipimo cha amonia kinakuja na boti ya jioni kutoka Dar. AC ya bi mkubwa imekaa muda mrefu haijafanyiwa sevisi, mwenye kumjua fundi muaminifu huku Mpendae au Kwamtipura anitumie namba faragha tafadhali.